Jumatatu za Idrisa wa Kitaji

Pilau ya hitima ya Idrisa niliila mwenyewe, nyumbani kwa mama yake, Kitaji, mjini Musoma. Ilikuwa na nyama nyingi na walaji wachache. Meza ninayoandikia maneno haya ameitengeneza Idrisa huyo huyo, baada ya kurudi. Miguu yake haichezi hata kidogo, na wageni wanaokuja kunisalimu hapa Butiama huisifu kabla sijawaambia kwamba fundi wake aliwahi kuwa marehemu.

Nimestaafu kazi ya ustawi wa jamii. Wenzangu mnaobaki ofisini mmeniomba niandike nilivyoiona kazi hii, na mimi nimekubali kwa sharti kwamba sitagusa vyeo wala mishahara. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua. Nitaanza mwanzo, lakini nitakaa zaidi kwenye shauri moja, kwa sababu ndilo nililoondoka nikaliacha wazi.

Nilianzia Bunda. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyenye visigino, nikidhani ofisi ni mahali pa kukaa. Mkuu wangu, Mzee Magesa, alinitazama miguuni kwanza, kisha usoni.

"Binti, sisi hapa tunatembeaga," akasema.

Tulitembea siku ile mpaka kwenye mashamba ya pamba ng'ambo ya reli ya ng'ombe, kama alivyoiita njia ya mifugo kwenda mnadani. Nilirudi nimebeba viatu mkononi. Kesho yake nilinunua raba.

Mzee Magesa alikuwa na vifaa viwili. Cha kwanza ni chupa ya chai. Alikwenda nayo kila nyumba, imejaa, na vikombe vya bati ndani ya kikapu. Alisema mtu akitembelewa na serikali hukimbilia kukopa sukari kwa jirani, na jirani akishajua kuna mgeni wa serikali, habari yote ya siri imekwisha. Kwa hiyo tulifika na chai yetu. Karatasi hazikutoka mkobani mpaka vikombe viwe vimekauka.

Cha pili ni kalamu nyekundu. Alipofungua jalada jipya, kabla hajaandika jina la mtu, aliandika ndani ya ganda neno moja: "Litafungwa." Mbele yake aliweka sababu. "Litafungwa mtoto akirudi shule." "Litafungwa baba akianza kula nyumbani." Kama hakuipata sababu, jalada hakulifungua. Alikaa na mwenye shida mpaka waipate wote wawili.

"Ukimwingia mtu nyumbani kwake bila kujua utatoka lini," aliniambia, "wewe si mfanyakazi wa ustawi. Wewe ni mkwe."

Kwa utaratibu huo tulifanya kazi miaka mingi. Nilishughulikia watoto walioachwa kwenye kambi za wavuvi visiwani, wajane walionyang'anywa mashamba, wazee waliosingiziwa uchawi. Nilihudhuria pia vikao vya koo zilizopigana kwa sababu ya ng'ombe. Vikao vile vilinifundisha jambo. Watu walikuwa wamekatana mapanga, nyumba zimechomwa, lakini kila upande ulijua wa kukaa naye. Wazee wa huku walikaa na wazee wa kule, ng'ombe wakahesabiwa, mnyama akachinjwa, vijana wa pande zote mbili wakala nyama ile wakitazamana. Wakati mwingine amani ilivunjika kabla ya msimu kwisha. Lakini ilikuwapo siku ambayo kila mtu aliweza kusema, siku ile vita viliisha.

Hata vita vya Kagera niliviona vikiisha, nikiwa msichana. Baba yangu mdogo alirudi Butiama na sanduku la bati, akalitua uani, akaomba uji. Redio ilikuwa imeshatangaza ushindi zamani, lakini kwetu sisi vita viliisha pale kwenye uji.

Nilikuwa nimeshahamishiwa Musoma wakati habari za kusini zilipoanza kusikika, za watu wanaochoma vijiji ng'ambo ya Mto Ruvuma. Zilikuwa habari za mbali. Ruvuma na sisi tumetenganishwa na nchi nzima. Ndipo Bi Salma, muuza vitenge wa Mukendo, hapo mjini, akaja ofisini akakaa kwenye benchi. Nilimfahamu, nilikuwa mteja wake. Nikamimina chai.

Mwanawe Idrisa alikuwa fundi mitumbwi. Mwanamume mmoja mpole, mwenye maneno mazuri na viatu safi, alikuwa amekuja mjini akitafuta mafundi wa kazi ya boti Mtwara. Idrisa akaenda. Alipiga simu mara chache, kisha simu ikazimwa. Sasa Bi Salma alikuwa amepigiwa na namba ngeni. Sauti ya mwanamume ilimwambia, "Idrisa amefariki, mwombeeni dua," ikakata. Tangu hapo namba ile haikupatikana tena.

"Kafia wapi?" nikauliza.

"Hakusema."

"Kwa nini?"

"Hilo nalo hakusema, Mama Ustawi. Lakini majirani washasema wao."

Majirani walikuwa wamesema ugaidi. Kwenye hitima wengi hawakuonekana. Hawakuwa watu wabaya. Waliogopa kuonekana wakimwombea mtu ambaye huenda kesho jina lake litatajwa kwenye taarifa ya habari. Shehe wa msikiti wao alisitasita kidogo, kisha akaja na vijana wake wa madrasa. Mtu mmoja akamuuliza mlangoni kama hajui anamsomea nani.

"Namsomea mtoto wa Bi Salma," Shehe akajibu. "Kama una mwingine, mlete naye tumsomee."

Tukala ile pilau. Baada ya siku zake matanga yakaanuliwa, na mimi nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Litafungwa Bi Salma akirudi dukani." Alirudi. Nikalifunga.

Wakati ule ule nilikuwa nasaidia nyumba nyingine, Bunda, kwa ombi la wenzangu wa kule. Mzee Wambura, mkulima wa pamba, alikuwa amempoteza mwanawe, askari, huko huko kusini. Huyu aliletwa kwenye sanduku lenye bendera. Watu walijaa mpaka barabarani. Wambura alikunywa chai yangu na kuniambia kwamba hotuba zilikuwa nzuri, ila hakuna aliyemweleza mwanawe alikuwa akipigana na nani. "Wanasema magaidi. Sawa. Ni watu wa wapi? Baba zao nani?" Alizoea vita vya koo, ambamo adui ana baba.

Katikati ya mambo hayo tukaitwa semina, Mukendo, kwenye ukumbi wa hoteli. Mtoa mada alitoka mbali, kijana mwenye adabu na picha nyingi ukutani. Alitueleza dalili za kijana anayepotoshwa, na baadhi zilikuwa za maana. Nyingine, kama kukaa kimya na kupenda simu, ziliwahusu watoto wetu wote. Nikanyoosha mkono nikauliza vita hivi vikifunguliwa jalada, ndani ya ganda tutaandika litafungwa lini.

"Swali zuri sana," akasema. "Tutalirudia baada ya chai."

Chai ilikuja na sambusa. Swali halikurudi. Simlaumu. Nimeliuliza tangu hapo kwa watu wenye nyota mabegani, na wao pia wakapata kiu ghafla.

Idrisa alirudi asubuhi moja ya kiangazi, miaka miwili na ushee baada ya hitima yake. Alikuwa amewatoroka wale watu wa ng'ambo ya Ruvuma, akavuka mpaka akajisalimisha mwenyewe, akashikiliwa na kuhojiwa kwa muda mrefu, mwisho akaachiwa bila shitaka. Waliomwachia walimpa maagizo ya mdomo kwamba akifika kwao aripoti kituo cha polisi kila Jumatatu, mpaka atakapoambiwa vinginevyo. Akapanda basi. Nani aliyempigia mama yake ile simu ya kifo, hata yeye hakujua.

Nilipigiwa simu na jirani. "Mama Ustawi, njoo. Maiti ya Bi Salma iko nje inaomba maji."

Nilikuta Idrisa amesimama uani, amekonda, na Bi Salma ndani amekaa sakafuni. Mlangoni alisimama dada yake Bi Salma, aliyeolewa huku kwetu Butiama, mikono imeshika miimo yote miwili.

"Hapiti hapa," alisema. "Mtu aliyeliliwa haingiaga mlango wa mbele. Anaingia na kifo chake."

Shehe alikuwa ameshafika. "Mama, dini haina kitu kama hicho. Mtoto yuko hai, apite."

"Dini yako ilimsomea hitima akiwa hai, Shehe. Leo tuachie sisi kidogo."

Shehe akarudi nyuma hatua moja. Majirani, ambao kwenye hitima hawakuwepo, siku hiyo walikuwepo wote. Kwa desturi ya huku alikoolewa dada mtu, hubomolewa sehemu ya ukuta wa nyuma, mtu akaingia kama anazaliwa. Lakini nyumba ya Bi Salma ni ya tofali za kuchoma, na tena ya kupanga. Mwenye nyumba alikuwa miongoni mwa watazamaji, akaanza kukohoa.

Nikasema jikoni kuna mlango wa nyuma, mdogo, ambao haujawahi kupitisha jeneza. Dada mtu akafikiri, akakubali, ila Idrisa anyolewe kwanza na aitwe kwa jina lake mara ya pili. Shehe akasema yeye ana mazungumzo barabarani, akatupa mgongo. Idrisa akanyolewa pale pale uani, mama yake akamwita kutoka ndani, akamwita tena. Idrisa akainama akapita kati ya sufuria. Kilio nilichokisikia baada ya hapo sitakiandika.

Ndani ya nusu saa Shehe alikuwa amerudi kutoka kwenye mazungumzo yake, anakula wali na sato.

Jioni majirani walimuuliza Idrisa, uso kwa uso, na mimi niliona ni haki yao. Muuza vitumbua wa pale kona, mama mwenye watoto wadogo, ndiye aliyeanza.

"Kaka, utatulipua?"

"Hapana, mama. Mimi ni fundi wa mbao."

"Huko ulifanya nini?"

"Mitumbwi. Waliniambia ni kazi ya mitumbwi, na ilikuwa kazi ya mitumbwi. Nilitengeneza, nikaziba. Sikuuliza inabeba nini."

"Ulijua lini?"

"Mapema kuliko nilivyotaka kujua," akasema. "Nikaanza kutafuta njia. Njia ilichelewa."

Yule mama akasema kesho apite achukue vitumbua, ila alipe kama wenzake. Nilifungua jalada jipya usiku huo huo. Kwa kalamu nyekundu niliandika: "Litafungwa Idrisa akimaliza mtumbwi wake mwenyewe."

Habari ilifika Bunda kabla yangu. Mzee Wambura alinipigia. "Nimesikia wa Kitaji amerudi," akasema. "Nataka kumwona." Nilimuuliza anataka kumfanya nini. Akasema hajui, atajua akimwona. Nilisita, lakini Idrisa mwenyewe alisema twende. Tulikwenda siku ya Jumanne, maana Jumatatu alikuwa kituoni.

Wambura alikuwa uani mbele ya lundo la pamba. Hakuinuka. Idrisa alimwamkia, "Shikamoo, baba," na Wambura alichelewa kuitikia mpaka nikaanza kuogopa.

"Marahaba. Kaa. Tunachambua."

Tukakaa, tukachambua pamba, kutoa mbegu kwa vidole, watu watatu. Kisha Wambura akauliza bila kuinua macho.

"Uliwaona askari wetu?"

"Nilisikia milio, baba. Sikuona mtu."

"Mitumbwi yako ilibeba waliowapiga?"

"Sijui. Inawezekana."

Mikono ya mzee ilisimama. Ya Idrisa pia. Kuku alipita kati yao.

"Ungesema hapana, ningekufukuza," Wambura akasema. "Chambua."

Tulipoondoka alimpa fuko la ile pamba iliyochambuliwa. Mafundi wa ziwani huzibia nyufa za mitumbwi kwa pamba iliyopakwa mafuta, na Wambura alilijua hilo. Alimwambia akiishiwa arudi. Idrisa alilibeba mapajani njia nzima mpaka Musoma.

Ndipo nikaona kazi yangu imekaribia kwisha. Fundi mmoja mzee wa kisiwa cha Rukuba, ambaye zamani ndiye aliyemfundisha Idrisa, alikuwa tayari kumpa kazi ya kudumu. Macho yalikuwa yanamchoka, alitaka mtu wa kumwachia kambi yake ya kutengenezea mitumbwi na vifaa. Lakini mtumbwi haujengwi kwa kuja na kuondoka. Mbao zikishakunjwa lazima uwepo, na ziwa likichafuka boti hazitoki kisiwani kwa siku kadhaa. Idrisa alijaribu. Alikwenda Jumanne, akarudi Jumapili. Jumapili moja upepo ukakataa. Aliripoti Jumatano, akahojiwa upya kuanzia jina la babu yake. Fundi mzee alimsubiri, akamsubiri tena, kisha akampa habari kwa ustaarabu: akikaa kisiwani mwezi mzima kama watu wengine, kambi ni yake. Vinginevyo atamtafuta mwingine.

Nikaenda kituoni. Sajenti wa pale, Mwita, ni mtu mwema, na naomba mnielewe hivyo. Alikuwa akimsubiri Idrisa kila Jumatatu, wanasalimiana, wanaulizana habari za mama.

"Afande, huyu ataripoti mpaka lini?"

"Mpaka aambiwe vinginevyo."

"Na nani?"

"Na aliyemwagiza."

"Aliyemwagiza ni nani?"

Mwita alivua kofia akajikuna. "Mama Ustawi, mimi nilikuta anakuja. Mkuu aliyekuwepo alikuta kaambiwa huko alikotoka. Huko alikotoka, kikosi kilichomwachia kimeshahamishwa. Sasa mimi nimwambie acha, halafu kesho kitu kilipuke mahali, nani atasimama? Ni mimi na hii kofia."

Alichosema ni kweli. Nilipanda ngazi, wilayani, mkoani, nikaandika Dodoma. Hakuna aliyenikatalia. Wote walinisikiliza vizuri, wakakubali kwamba kijana hana shitaka, wakanielekeza ngazi nyingine. Mmoja aliniambia, kwa huruma ya kweli, kwamba utaratibu wa kuanza upo lakini wa kumaliza haujatungwa, kwa sababu vita vyenyewe havijaisha. Nikamuuliza vitaisha lini. Akaniuliza kama nimeshapata chai.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili, maana sasa nina muda. Nadhani vita vya namna hii havina mahali pa kwisha vyote kwa mara moja, kwa sababu hakuna wa kukaa naye na kuchinja mnyama. Lakini nimeviona vikiisha vipande vipande. Viliisha jikoni kwa Bi Salma. Viliisha kwa muuza vitumbua. Vikaisha kwenye lundo la pamba, Bunda, mahali ambapo vilikuwa na haki zaidi ya kuendelea. Kila mahali palikuwa na mtu mmoja aliyeweza kusema basi, na akakubali kubeba hatari ya kulisema. Kituoni mtu huyo hayupo. Si kwamba ni mkali. Hayupo.

Mzee Wambura hakuliamini hilo nilipomweleza. Alipanda gari kuja Musoma Jumatatu moja, amevaa koti lake la msibani, akasimama kaunta karibu na Idrisa.

"Mimi ni baba wa askari aliyekufa kusini," alimwambia Mwita. "Kama huyu mnamwita kwa ajili ya mwanangu, mimi nimemaliza. Mwacheni akafanye kazi."

Mwita alisimama wima akampigia saluti. Kisha akatoka nje ya kaunta, akamshika mkono.

"Mzee wangu, pole sana. Lakini si wewe uliyemwita."

Wambura alitazama ndani, kule nyuma, kana kwamba aliyemwita Idrisa angetokea. Kisha wakaenda wote watatu kunywa chai.

Nilistaafu baada ya hapo. Majalada yangu niliyakabidhi yakiwa yamefungwa, isipokuwa lile. Mwita naye amehamishwa. Kule Rukuba fundi mzee ameanza na Idrisa ule mtumbwi wake mwenyewe, mbavu zimesimama upande mmoja, na amesema atangoja mpaka mvua za vuli zianze, si zaidi. Fuko la pamba liko kisiwani, limening'inizwa juu lisilowe.

Jumatatu iliyopita Idrisa alinipigia akitoka kituoni. Kaunta kulikuwa na askari mpya, kijana, asiyemjua Idrisa. Alimuuliza anaripoti kwa kosa gani. Idrisa akamjibu kwamba hajui. Askari akauliza wenzake, na wao hawakujua. Akarudi, akafikiri kidogo, akamwambia kwa upole, "Basi wewe endelea kuja tu, kaka, mpaka tutakapojua."